Imezima au Imezimwa

Wapo watu ambao uongo wao hauhitaji sentensi nzima. Herufi moja inawatosha. Wakishaichomeka mahali pake wanafunga kalamu, wanakwenda kula mchana, na mtu mwingine anabaki hana kazi. Mwanamke ninayemweleza hapa aliombwa herufi moja tu, aitoe kwa hisani kama mtu anavyoombwa chumvi.

Ofisini wanamwita Nukta. Jina hilo alilitoa mbali, kwenye karakana ya baba yake aliyekuwa akitengeneza taipureta. Taipureta ikishatengenezwa, kazi ya binti ilikuwa kuingiza karatasi na kupiga nukta mstari mzima. Nukta ikitoboa karatasi, roli ya mpira iliyo nyuma ya karatasi imekauka na kuwa ngumu, mashine irudi mezani. Isipotoboa, mteja aitwe. Mzee hakumfundisha maadili kwa hotuba. Alimfundisha kwamba herufi ni kipande cha chuma, na kwamba chuma kikipinda hakinyooki kwa kusemwa vizuri. Alikuwa akisema, "Mwanangu, mteja anaweza kukusamehe kuchelewa. Herufi iliyokaa upande hataisamehe, kwa sababu ataiona kila siku."

Taipureta zilipokufa, Nukta alihamia kwenye kompyuta. Leo ana miaka hamsini na mbili, nywele amezifunga kitambaa, miwani miwili shingoni, ya kusomea na ya kuchomelea. Anafanya kazi katika ofisi ya usajili wa ardhi, kwenye chumba cha mwisho wa ukumbi ambacho zamani kilikuwa cha kuwekea mafagio. Mna meza moja, taa yenye lenzi, harufu ya risasi ya kuchomelea, na ndoo ya mchanga pembeni. Mchanga huo ni wa kuzikia betri zilizovimba. Betri ya laptopu ikishavimba kama andazi haitupwi kwenye pipa, maana inaweza kulipuka. Nukta huifunga kikaratasi chenye namba ya mashine na tarehe, akaifukia mpaka wenye kazi ya taka za hatari waje.

Mkuu wake wa kitengo ni shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Siku ya kwanza kazini alimwambia, "Hapa mimi si shemeji yako. Hapa ni mkuu wako." Nukta akakubali, ndivyo inavyopasa. Lakini aligundua upesi kwamba sheria hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Akiomba vifaa, anajibiwa na mkuu. Mkuu akitaka kufunikiwa jambo, anayekuja ni shemeji.

Sasa nieleze kidogo, maana uovu wa siku hizi hujificha kwenye mambo ambayo watu wanaona haya kuuliza. Ndani ya kila kompyuta mna chipu ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Humo yamo maagizo ya kwanza kabisa: ukiwashwa, amka hivi, tafuta skrini hapa, tafuta diski pale. Mafundi huyaita bayosi. Mara kwa mara mtengenezaji wa mashine hugundua tundu katika maagizo hayo, tundu ambalo mwizi anaweza kupenya, na hutoa sasisho la kuliziba. Ni jambo jema, na mtu mwenye busara halikatai. Lakini sasisho hilo si kama yale ya simu. Linafuta maagizo ya zamani na kuandika mapya mahali palepale. Kati ya kufuta na kuandika, mashine haina akili yoyote. Umeme ukikatika dakika hiyo, haiamki tena mpaka fundi aifungue na kuiandikia upya kwa mkono.

Kwa hiyo mtengenezaji aliandika masharti, kwa Kiswahili kabisa: betri iwepo na iwe na chaji, waya uwe kwenye umeme, skrini inaweza kuwa nyeusi kwa robo saa, usizime, usichomoe. Nukta aliyanakili kwenye tangazo la ukurasa mmoja, akaongeza kwa wino mwekundu, "Ikiwa nyeusi, haijazima. Sikiliza feni." Akalipeleka kwa mkuu ili wafanyakazi wote wasomewe kabla.

Mkuu aliliweka kwenye trei. "Watu wetu hawasomi matangazo," alisema.

"Ndiyo maana nimesema wasomewe."

"Nukta, makao makuu wanataka asilimia mia moja ya mashine zisasishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Hawajataka semina."

"Kuna mashine tatu hazina betri. Nilizitoa mwenyewe zilipovimba. Nimeomba mpya tangu miezi saba iliyopita. Hizo hazitakubali sasisho."

"Nitaliangalia," alisema mkuu. Neno hilo katika ofisi zetu maana yake ni kwamba jambo limekwisha kufa, limebaki kuzikwa.

Aliliangalia kweli. Jumanne saa nne asubuhi, foleni zikiwa zimejaa madirisha yote, alikaa ofisini kwake akarusha sasisho kwa mashine zote ishirini na sita kwa mpigo. Zile tatu zikakataa, kama zilivyoundwa zikatae. Kwenye programu hiyo kuna kisanduku kinachosema "Lazimisha". Kipo kwa ajili ya fundi aliye mbele ya mashine, anayejua anachofanya. Mkuu akaweka alama.

Dirisha la nne hukaa karani ambaye watu humwita Mama Polepole, kwa sababu husoma hati yote kabla ya kugonga muhuri. Wenye haraka humcheka. Wenye kesi za mipaka humwombea dua. Miaka kumi na tisa dirishani hapo hajawahi kusajili kiwanja kimoja kwa watu wawili. Asubuhi hiyo mashine yake, mojawapo ya zile tatu, iliandika jambo kwenye skrini, kisha ikawa nyeusi.

"Dada, imezima?" aliuliza mzee aliyekuwa mbele ya foleni.

Mama Polepole aliweka kiganja juu ya kibodi. "Haijazima, baba. Inapumua. Feni inakwenda."

"Basi iamshe, mama, na sisi tunapumua hapa!" alisema mwingine nyuma, watu wakacheka.

Hakuigusa. Alisubiri dakika saba. Kisha umeme ukakonyeza, mara moja tu, taa zikaenda na kurudi kabla mtu hajamaliza kusema "aa". Mashine za wengine zilikuwa na betri, hazikujua lolote; zile mbili nyingine zisizo nayo zilikuwa zimekwisha kumaliza sasisho, zikazima na kuwaka tena. Ya dirisha la nne feni ikanyamaza. Mama Polepole alingoja kidogo, kisha akabonyeza kitufe aiwashe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

Kesho yake alipewa barua. Alishitakiwa kwa uzembe: alizima mashine ya ofisi wakati wa sasisho, kinyume na maagizo. Ajieleze mbele ya kamati Alhamisi ya wiki iliyofuata, akikosea maelezo aachishwe kazi.

Maagizo gani? Yale yaliyokuwa kwenye trei.

Siku hiyohiyo mkuu aliingia chumba cha mafagio na laptopu ya dirisha la nne kwapani, akafunga mlango kwa kisigino. Nukta akajua mara moja kwamba aliyekuja ni shemeji.

"Shem, habari ya kazi?"

"Nzuri, mkuu."

"Aa, mambo ya mkuu yaache leo. Nina kazi ndogo. Kamati inataka taarifa ya fundi. Mistari miwili inatosha. Andika mashine imezimwa wakati wa sasisho, chipu imeharibika, basi."

"Nimezungumza na watu wa foleni. Haikuzimwa. Imezima."

Shemeji alicheka. "Imezima, imezimwa, si yaleyale? Ni w tu."

"Taa imezima na taa imezimwa ni yaleyale?"

"Mbele ya giza, ndiyo."

"Mbele ya giza, ndiyo," alisema Nukta. "Mbele ya kamati, hapana. Ukisema imezimwa, wanauliza na nani. Na aliyekaa mbele yake ni mmoja."

"Alibonyeza kitufe cha kuzimia! Amekiri mwenyewe, amesaini."

"Shemeji, kitufe cha kuzimia ndicho cha kuwashia. Ni hichohicho kimoja. Alibonyeza aiwashe, ilikuwa imekwisha kufa."

"Nimekushika mkono kuingia humu," alisema shemeji, sasa bila kucheka. "Usisahau."

"Ulinishika mkono. Hukuununua."

Alipotoka, Nukta aliifungua ile laptopu. Skrubu nane, kifuniko, na pale ambapo kwa miezi saba palikuwa wazi alikuta betri mpya inang'aa. Utando wa plastiki wa kiwandani ulikuwa bado umefunika meno yake ya shaba. Betri hiyo haikuwa hata imeunganishwa. Mtu aliiweka kama mtu anavyoweka mto kitandani ionekane amelala: mashine yenye betri haiuawi na umeme kukatika, huuawa na mtu. Juu ya kifuniko, pale alipokuwa ameandika "Haina betri, usichomoe", karatasi ilikuwa imebanduliwa ikaacha gundi.

Nataka msomaji akumbuke jambo moja hapa. Betri mpya ilikuwepo stoo. Kwa miezi saba fundi aliiomba kwa barua akaambiwa haipo. Ilipohitajika kumwangusha mwanamke mmoja, ilipatikana kabla ya chai ya saa nne.

Jioni ya siku hiyo Mama Polepole alikuja chumba cha mafagio, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Fundi, niambie ukweli. Nilivyoibonyeza ndiyo niliiua?"

"Kwa nini umesaini ile karatasi?"

"Mkuu alisema nikikubali nitapewa onyo tu. Akaniuliza, 'Ulibonyeza au hukubonyeza?' Nikasema nilibonyeza. Kweli nilibonyeza. Akaandika, nikasaini." Alishika ukingo wa mlango. "Na labda niligusa kitu kabla. Mimi mambo haya siyajui. Labda niligusa."

Nukta alitoa miwani yote miwili. Walioshuhudia hasira yake husema hapigi kelele. Huanza kusema polepole zaidi. "Mama, wewe husoma hati kurasa kumi na mbili kabla ya kugonga muhuri. Karatasi inayokuhusu mwenyewe umeisaini bila kuisoma?"

"Alikuwa mkuu."

"Hukugusa."

"Labda..."

"Hukugusa! Ukienda kule na hiyo labda yako, wataifunga shingoni mwako wakuvute nayo."

Jumapili mchana mdogo wake alikuja nyumbani. Nukta alikuwa anapiga pasi. Mdogo hakukaa, na hakuvua mkoba begani.

"Dada, w ina uzito gani?"

"Muulize anayeiomba."

"Akipoteza cheo tunahama ile nyumba. Ni nyumba ya kazi. Watoto wako wale. Wanakuita mama mkubwa."

"Na yule karani hana wanaomwita mama?"

"Yule si damu yako!"

"Kwani nimesema nitamtaja mumeo? Nitaandika imezima. Neno halimtaji mtu. Yule atapona, na mumeo hataguswa. Zaidi ya hapo sina."

Mdogo wake alimtazama, akaona dada yake anasema kweli, akashusha mkoba akala chakula. Na mimi nasema hapo ndipo Nukta naye alipokosea. Alidhani kuna mahali pa kusimama katikati, ambapo unamwokoa aliyeonewa bila kumgusa mwonevu. Watu wengi wema wamejenga nyumba zao mahali hapo. Ni pachafu.

Alhamisi saa tatu kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano. Alikuwepo mwenyekiti, afisa utumishi, na mjumbe mmoja mzee wa masjala aliyependa kusahihisha lugha. Mkuu alikaa upande wa ukuta. Mama Polepole alikaa peke yake upande wa dirisha, mikono magotini.

Nukta alisoma taarifa yake. "Wakati wa sasisho la bayosi, umeme ulikatika kwa nukta moja ya muda. Mashine ya dirisha la nne imezima. Chipu haina maagizo. Inaweza kutengenezwa."

"Samahani, mwenyekiti," alisema mkuu kwa sauti ya asali. "Nadhani fundi amerukwa na herufi. Imezimwa."

"Sikurukwa."

"Kwa Kiswahili fasaha ni imezimika," alisema mjumbe wa masjala.

"Mzee, tuachie hilo," alisema mwenyekiti. "Fundi, unasema karani hakuizima?"

"Hakuizima. Alibonyeza baada ya umeme kurudi, akitaka kuiwasha. Watu watatu wa foleni wamesema hivyo, na namba zao za simu nimeziandika."

Mwenyekiti aliangalia saa. Akamwangalia afisa utumishi. Uso wake ukalainika kwa ile furaha ya mtu aliyepata njia ya kutoka mapema. "Basi ni jambo jepesi. Imezima yenyewe. Hakuna aliyeizima. Ni ajali ya umeme. Karani apewe onyo la kuwa mwangalifu zaidi siku nyingine, kwa kuwa alikwisha kusaini kwamba alibonyeza, na tufunge."

"Busara kubwa, mwenyekiti," alisema mkuu, na akamtupia Nukta tabasamu la shukrani. Tabasamu la shemeji.

Nukta aliishusha karatasi yake mezani. Sasa aliliona neno lake mwenyewe limekaa mezani, na kila mtu amejificha nyuma yake. Imezima. Aliyerusha sasisho saa nne asubuhi, aliyelazimisha, aliyelalia tangazo, aliyeficha betri, wote walikuwa humo ndani wanakunywa chai. Na karani anapewa onyo kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya.

"Mwenyekiti, naomba kalamu," alisema.

"Ya nini?"

"Mkuu amesema nimerukwa na herufi. Ana haki. Naiongeza."

Mkuu alinyanyuka nusu. "Shem, nadhani hakuna haja tena..."

"Hapa mimi si shemeji yako."

Aliinama mezani akaiandika w, kubwa, ya kusomeka toka mlangoni. Kisha akaendelea kuandika, na huku anasoma kwa sauti alichokiandika. "Mashine ya dirisha la nne imezimwa. Imezimwa na mkuu wa kitengo, aliyelazimisha sasisho katika mashine isiyo na betri, saa za kazi, bila kuwatangazia watumiaji." Akatoa mfukoni karatasi ya kumbukumbu za programu, aliyoibeba akitumaini hataihitaji, iliyoonyesha saa, namba ya mashine, jina la aliyeingia na neno "Lazimisha". Akatoa kwenye mfuko wa kitambaa betri iliyovimba, mchanga bado umeng'ang'ania pembeni, kikaratasi kikiwa na namba ileile na tarehe ya miezi saba nyuma.

"Hiyo ni bomu!" alisema afisa utumishi akisogeza kiti.

"Ndiyo. Na ilikaa mezani kwa karani wenu wiki tatu kabla sijaruhusiwa kuitoa."

"Na iliyomo ndani ya mashine sasa ni betri gani?" aliuliza mzee wa masjala, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa anasahihisha kitu.

"Muulizeni aliyeiweka. Hata plastiki yake hakuitoa."

Hakuna aliyemuuliza. Lakini hakuna aliyemtetea pia, na mkuu alitoka na faili lake likiwa bado wazi.

Ningependa kuandika kwamba haki ilitendeka. Nitaandika kilichotendeka. Mama Polepole alipata barua ya mistari mitatu: ameruhusiwa kurudi kazini. Haikuwa na neno samahani. Mkuu alihamishiwa tawi jingine kwa cheo kilekile, na nyumba nyingine ya kazi. Mdogo wake Nukta alipiga simu mara moja tu. "Uliniambia hutamtaja," alisema. "Nilisema," alijibu Nukta, "na nilikosea kusema." Simu ikakatwa, na haijalia tena.

Nukta aliibana ile chipu kwa kibanio chake, akaiandikia maagizo upya, mashine ikarudi dirisha la nne na betri yake iliyounganishwa sawasawa. Lakini ile karatasi aliyoisaini Mama Polepole, "nilibonyeza kitufe cha kuzimia", ilibaki ndani ya faili lake. Afisa utumishi alisema karatasi ikishaingia failini haitoki. Siku ya kustaafu itasomwa. Siku ya kuomba kazi kwingine itasomwa. Atakayeisoma hatajua habari ya w wala ya betri.

Jumatatu ya kwanza Nukta alikwenda kuidai. Akaambiwa arudi. Jumatatu ya pili alikwenda, akaambiwa mwenye ufunguo hayupo. Jumatatu ya tatu alipofika ukumbini alimkuta Mama Polepole amekwisha kukaa kwenye benchi nje ya mlango ule, na kopi ya karatasi yake mkononi. Alikuwa ameisoma mpaka imekunjika.

"Na dirisha?" aliuliza Nukta.

"Nimewaambia wasubiri. Wamezoea kunisubiri."

Afisa utumishi alifungua mlango, akamwona fundi, akapumua kwa nguvu. "Wewe tena, Nukta?"

Nukta alifungua mdomo, lakini Mama Polepole alikuwa amesimama mbele yake.

"Leo si yeye. Ni mimi," alisema. "Mashine ile sikuizima. Nimekuja kuandika hivyo, na nitakaa hapa mpaka uniletee faili."